Hesabu ya Edmonton: Jinsi Seli za Kongosho Zilivyohamishiwa Kwenye Ini

Julai 2000, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya madaktari wa Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton, Kanada. Wagonjwa walikuwa saba tu. Wote walikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili huziangamiza seli zinazotengeneza insulini, na ugonjwa wao ulikuwa umeshindwa kutulizwa kwa sindano. Sukari ya baadhi yao ilikuwa ikiporomoka bila kuwapa dalili: jasho halitoki, mikono haitetemeki, mtu anastukia amezimia. Baada ya kuwekewa seli za kongosho kutoka kwa watu waliofariki, wote saba waliacha kujidunga insulini.

Matokeo kama hayo hayakuwahi kuonekana. Kati ya upandikizaji 267 wa aina hiyo uliofanywa tangu 1990, ni asilimia 12.4 tu uliomwezesha mgonjwa kukaa zaidi ya wiki moja bila insulini. Waliovuka mwaka mmoja walikuwa asilimia 8.2.

Cha kushangaza ni kwamba timu ya Edmonton, iliyomhusisha daktari wa upasuaji James Shapiro, mtaalamu wa kutenganisha seli Jonathan Lakey na mwasisi wa mradi Ray Rajotte, haikuwa imebuni chombo kipya wala njia mpya ya kuingiza seli mwilini. Dawa zao pia zilikuwa zimekwisha kutumika au kujaribiwa kwa watu waliopandikizwa figo. Walichofanya ni kupiga hesabu upya: seli ngapi zinatoka kwenye kongosho, ngapi zinakufa njiani, na ngapi zinauawa na dawa zilezile zinazotolewa ili kuzilinda.

Hesabu yenyewe ni ngumu tangu mwanzo. Kongosho la mtu mzima lina vishada vya seli vipatavyo milioni moja, vinavyoitwa visiwa vya Langerhans kwa heshima ya Paul Langerhans, aliyevieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin. Ukivikusanya vyote, uzito wake ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho zima. Kijisiwa kimoja kina upana wa wastani wa milimita 0.15. Nyama yote iliyobaki ina kazi nyingine kabisa, ya kutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na vimeng'enya hivyo vikivuja havichagui: vinameng'enya hata vijisiwa vyenyewe.

Wazo la kumpa mgonjwa kongosho la kuazima ni la kale kuliko insulini ya dawa. Desemba 1893, mjini Bristol, Uingereza, daktari Watson-Williams alipachika vipande vya kongosho la kondoo chini ya ngozi ya mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akifa kwa kisukari. Mtoto alifariki siku tatu baadaye. Insulini ilipopatikana Toronto mwaka 1921 na kuanza kuokoa maisha mwaka uliofuata, haja hiyo ilipoa. Ilirudi tena miongo iliyofuata, ilipobainika kuwa sindano zinamweka mtu hai lakini haziwezi kuifuata sukari dakika kwa dakika kama zinavyofanya seli zenyewe. Mwaka 1966, Chuo Kikuu cha Minnesota kilipandikiza kongosho zima kwa mara ya kwanza. Njia hiyo hufanya kazi hadi leo, ila ni upasuaji mkubwa. Kwa kuwa kinachotakiwa ni ile asilimia 2, watafiti wengine walijiuliza kwa nini mgonjwa abebeshwe na ile 98.

Jibu la kwanza lilitoka St. Louis, Marekani. Mwaka 1967 Paul Lacy na Mary Kostianovsky walionyesha jinsi ya kuvitoa vijisiwa kwenye kongosho la panya kwa kutumia kolajenesi, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazoishikilia nyama. Mwaka 1972 Lacy na Walter Ballinger walivitumia vijisiwa hivyo kutuliza kisukari cha panya, na mwaka 1973 kundi hilohilo la St. Louis lilionyesha kuwa mahali pazuri pa kuvipeleka ni ini. Kilichobaki kilionekana kuwa suala la kuongeza ukubwa tu. Lakini kongosho la binadamu lina nyuzi nyingi na ngumu. Ukilimeng'enya muda mfupi, vijisiwa vinabaki vimefungwa ndani ya nyama. Ukizidisha, vile vilivyotoka mapema vinayeyuka pamoja na vingine.

Fundo hilo lilifunguliwa na mtafiti Camillo Ricordi mwaka 1988, na chombo chake ndicho kinachotumika hadi sasa katika maabara nyingi.

Kazi huanza kwa mtu ambaye ubongo wake umethibitishwa kufa na ambaye idhini ya kutoa viungo vyake imepatikana. Kongosho huwekwa katika kimiminika baridi na kukimbizwa maabara, kwa maana kila saa linalokaa bila damu hupunguza idadi ya vijisiwa vitakavyopona. Huko mrija mwembamba huingizwa kwenye njia yake kuu, na kolajenesi husukumwa ndani mpaka nyama ivimbe. Kisha hukatwa vipande na kutiwa katika chumba cha Ricordi: chombo chenye gololi ndani na wavu juu, kinachotikiswa huku kimiminika chenye joto la nyuzi 37 kikizunguka. Nyama inayolegea hupita wavuni na kuondoka, isiendelee kuliwa na kimeng'enya. Ile ambayo bado imeshikana hubaki ikitikiswa. Kwa hiyo kila kijisiwa huondoka kwa wakati wake, na ndipo ulipo ubunifu wa chombo hicho.

Atajuaje fundi kwamba wakati umefika? Kila baada ya dakika chache huchota tone na kulitia ditizoni, rangi inayoshikana na zinki. Seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, huihifadhi pamoja na zinki, hivyo vijisiwa hugeuka vyekundu na nyama nyingine haishiki rangi. Vikionekana vyekundu na vimeachana na nyama, kimeng'enya huzimuliwa na kupoozwa mara moja. Hakuna saa inayoweza kupangwa mapema, kwa sababu umri, mafuta na nyuzi za kongosho moja si sawa na za jingine. Ndiyo maana maabara mbili zenye vifaa vilevile huweza kupata mavuno yanayotofautiana sana.

Hatua inayofuata ni kusafisha. Mashine iliyoundwa kwa ajili ya kuosha seli za damu huuzungusha mchanganyiko kwa kasi ndani ya vimiminika vya uzito tofauti. Vijisiwa ni vyepesi kuliko nyama inayotengeneza vimeng'enya, hivyo hujitenga kama pumba kwenye ungo, isipokuwa hapa kinachotafutwa ndicho chepesi. Kutoka kiungo kizima hubaki ujazo usiofika kijiko cha chakula. Huhesabiwa chini ya darubini, hupimwa kama una bakteria, na hutiwa kwenye mfuko unaofanana na wa damu.

Kwa mgonjwa, mambo ni mepesi kuliko maabara. Anapigwa ganzi, na mtaalamu wa eksirei, akiongozwa na picha za ultrasaundi, hupitisha sindano ubavuni hadi kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini. Vijisiwa hutiririshwa polepole pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda, huku shinikizo la mshipa likipimwa. Hatari kubwa ni mbili: damu kuvuja pale sindano ilipopita, au mshipa kuziba. Vijisiwa hunasa katika vishipa vidogo vya ini na kukaa humo. Ini haligeuki kongosho, ila linavipa damu, na ndilo kiungo ambacho insulini ya kawaida hukifikia kwanza.

Sasa hesabu. Damu ikikutana na vijisiwa vigeni, huvishambulia palepale kwa kuganda na kuvimbisha, na sehemu kubwa hufa siku za mwanzo kabla mishipa mipya haijaota. Kisha zinakuja dawa. Kabla ya Edmonton, wagonjwa walipewa steroidi, zile zinazopandisha sukari na kuufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Na kwa kuwa dawa zinazomezwa hupita kwenye mshipa uleule kabla ya kuenea mwilini, vijisiwa vilivyo kwenye ini ndivyo vinavyopata dozi kali kuliko viungo vyote. Dalili kwamba hilo ni tatizo ilikuwepo. Tangu 1977, Minnesota walikuwa wakiwatoa kongosho watu wenye maumivu sugu ya kiungo hicho na kuwarudishia vijisiwa vyao wenyewe. Hao hawakuhitaji dawa za kutuliza kinga, na wengi walifanikiwa kwa vijisiwa vichache.

Edmonton waliziacha steroidi kabisa. Badala yake walitumia dawa tatu: sirolimasi, takrolimasi kwa dozi ndogo, na daklizumabu ya sindano. Halafu wakaongeza seli. Waliweka zaidi ya vijisiwa 11,000 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, navyo viliingizwa mara tu baada ya kutenganishwa. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni zaidi ya 660,000, idadi ambayo kongosho moja haliwezi kuitoa kwa uhakika baada ya hasara zote za maabara. Kila mgonjwa alihitaji makongosho ya watu wawili, na mmoja alihitaji zaidi.

Hapo ndipo deni lilipojificha. Jaribio la kimataifa lililotangazwa mwaka 2006 liliwapa tiba hiyo watu 36 katika vituo tisa. Mwaka mmoja baadaye, 16 walikuwa bila insulini, na miongoni mwao ni watano tu waliobaki hivyo baada ya miaka miwili. Huko Edmonton kwenyewe, miaka mitano baada ya tiba, waliokuwa bado hawajidungi walikuwa takriban asilimia 10. Lakini takriban asilimia 80 bado walikuwa wakitengeneza insulini yao kwa kiasi fulani, na kiasi hicho kilitosha kupunguza yale maporomoko ya sukari yanayoua usingizini. Madaktari walibadilisha kipimo. Badala ya kuuliza kama mgonjwa ameitupa sindano, waliuliza kama bado anazimia. Kwa kipimo hicho, jaribio la Marekani la watu 48, lililochapishwa 2016, lilifaulu kwa asilimia 87.5 baada ya mwaka mmoja.

Juni 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha tiba ya vijisiwa vya waliofariki kwa jina la Lantidra, iliyotengenezwa na kampuni ya CellTrans ya Chicago. Ushahidi ulitokana na wagonjwa 30: 21 waliishi mwaka mmoja au zaidi bila insulini, 10 kati yao zaidi ya miaka mitano, na watano hawakuiacha hata siku moja. Idhini inawahusu watu wazima ambao maporomoko makali ya sukari yanawazuia kuidhibiti. Dawa za kutuliza kinga huleta maambukizi, huweza kudhuru figo na huongeza hatari ya saratani, hivyo mtu anayeimudu sindano vizuri hana sababu ya kuzimeza maisha yake yote.

Tatizo la makongosho mawili kwa mgonjwa mmoja limepata jibu kutoka kwingine. Kampuni ya Vertex hukuza vijisiwa kutoka seli shina, kwa hiyo haingojei mtu afe. Katika matokeo yaliyotolewa Juni 2025, kati ya wagonjwa 12 waliopewa dozi kamili mara moja tu, 10 walikuwa hawatumii insulini baada ya mwaka. Njia ni ileile ya mshipa wa ini, na dawa za kutuliza kinga zingali za lazima.

Upande wa dawa unashughulikiwa Uppsala, Sweden. Watafiti huko walichukua vijisiwa vya mtu aliyefariki, wakahariri jeni za vijisiwa hivyo ili kinga isivitambue, wakavidunga kwenye msuli wa mkono wa mgonjwa mmoja bila dawa yoyote ya kutuliza kinga. Taarifa yao ya Agosti 2025 ilionyesha kuwa wiki 12 baadaye vilikuwa hai na vinatoa insulini. Dozi ilikuwa ndogo kwa makusudi, na mgonjwa aliendelea kujidunga. Swali linalofuata ni lilelile la Edmonton: vinahitajika vingapi kwa kila kilo, na je, msuli wa mkono unaweza kuvilisha vyote?