Mfuko na Mbegu

Mkulima wa Kitale au Bungoma hanunui mbegu ya mahindi kwa sababu tu mfuko wake una picha nzuri. Aliyepata kuuziwa mbegu bandia, akapanda, akapalilia na kutia mbolea, kisha akavuna magunzi matupu, ajua ya kuwa picha nzuri yaweza kuchapwa juu ya mfuko wo wote. Kwa hiyo siku hizi mifuko hutiwa kibandiko chenye namba iliyofichwa. Mnunuzi hukikwangua, akaituma namba ile kwa simu, akapata kujua kama mbegu ni ya kweli. Hadhari hii ni njema; ajabu ni kwamba twaitumia dukani, lakini twaisahau tunapoletewa maneno juu ya sheria za nchi.

Tuutazame mjadala wa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Mwezi wa Septemba 2012, Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa na wenzake walitoa utafiti juu ya panya waliolishwa mahindi hayo, pamoja na picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Novemba mwaka ule ule, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingiza nchini vyakula vya namna hiyo. Wataalamu wengi waliukosoa utafiti huo: kila kikundi kilikuwa na panya 10 tu wa kila jinsia, nao walikuwa wa aina ipatayo uvimbe kwa wepesi hata ikila chakula cha kawaida. Novemba 2013 jarida lililouchapa liliuondoa, ingawa jarida jingine liliuchapa tena mwaka 2014. Marufuku hayo yalidumu mpaka Oktoba 2022. Picha ilikuwa imekwisha kufanya kazi ya tangazo: ilimtia mtu hofu kabla hajauliza panya walikuwa wangapi.

Lakini si haki kulaumu upande mmoja. Marufuku yalipoondolewa, mvua zilikuwa zimekosekana kaskazini misimu minne mfululizo, na mbegu mpya zikasifiwa kana kwamba ndizo dawa ya njaa. Hii nayo ni mbinu ya mwuza bidhaa: huweka shida kubwa kando ya kitu anachokiuza, akamwachia mnunuzi aviunganishe mwenyewe. Kumbe mahindi yaliyojaribiwa nchini, Kitale ikiwa mahali pamoja pa majaribio, yalitiwa kinga ya viwavi watoboao mabua. Kuokoa mabua ni faida ya kweli. Lakini kinga ya kiwavi haileti mvua.

Wapinzani nao walionya kwamba mkulima atalazimika kununua mbegu kila msimu. Onyo hilo lingemshangaza mzee wa Trans Nzoia. Mbegu chotara H611 ilitolewa Kitale mwaka 1964, na tangu hapo mpanda chotara hurudi dukani kila mwaka. Maswali yaliyomhusu hasa yalikuwa mengine: Bei ya mbegu mpya itakuwa kiasi gani? Nani atakuwa mwenye haki juu yake? Mahindi ya nje yakishushwa Mombasa wakati wa mavuno, gunia la Bungoma litauzwaje? Maswali hayo yalisikika kwa nadra, kwa kuwa hayachoreki katika picha, wala hayatoshi katika mwito wa maneno matatu.

Sisemi mahindi hayo ni mema au ni mabaya. Hilo lataka ushahidi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Ninalolikosoa ni jinsi taifa lilivyokaribia kuamua juu ya chakula chake kwa kutazama mfuko. Kijana asomaye, siku moja nawe utaombwa kura au sauti yako. Atakayekuja na hofu, na atakayekuja na ahadi, wote wawili waulize: Umeyajuaje? Umeacha nini bila kukisema? Nani atapata faida nikikusadiki? Mwenye mbegu njema hatakasirika ukikikwangua kibandiko chake.