Ufundi wa Ng'ambo ya Mto Kagera

Mtu wa Nyakatuntu, huku kwetu Kyerwa, hahitaji kufundishwa thamani ya kinyesi cha ng'ombe. Kinarutubisha migomba, na kikichanganywa na udongo kinasiriba sakafu isitimue vumbi. Kilichonitoa nyumbani hadi Kayanga, nikapita Benako na kuvuka daraja la Rusumo, ni habari kwamba jirani zetu wa Kirehe, mashariki mwa Rwanda, wanakifinyanga kuwa mapambo ya ukutani. Mapambo hayo ndiyo imigongo, na sijui ufundi mwingine wa nchi hizi za maziwa unaostahili heshima kuliko huo.

Masimulizi ya Gisaka, ufalme wa kale uliokuwa jirani na Karagwe yetu, yanasema aliyeanza ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, aliyepamba kuta za nyumba yake. Baadaye kazi ikashikwa na wanawake, mama akimrithisha binti.

Kinyesi hutakiwa kibichi, na cha ndama kikipatikana ndicho bora kwa ulaini wake. Huchanganywa na majivu, yanayokata harufu na kufukuza wadudu. Fundi huchora kwa mkaa juu ya ubao: pembetatu, misharazi, miduara inayojiviringisha kama gamba la konokono. Kisha hujenga matuta kwa vidole juu ya michoro hiyo. Hapo ndipo penye kazi. Tope likizidi maji, tuta hulala. Likikauka mno, hupasuka. Mama aliyenipokea hakuwa na kikombe wala mizani. Alibana donge kwa dole gumba, akanipa na mimi nibane. "Sikia, mwanangu," akasema, nami nikasikia. Kinyarwanda chake na Kinyambo changu vilitutosha, na palipokwama mikono ilimalizia.

Ubao ukikauka husuguliwa kwa jiwe au msasa, ndipo zije rangi. Nyeupe na nyekundu hutoka ardhini. Nyeusi ina kazi zaidi: majivu ya maganda ya ndizi, utomvu wa mshubiri na tunda la jamii ya tunguja. Nilifurahi mno kusikia hayo. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo ambacho Kyerwa hatuna!

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari nusura yaimalize sanaa hii, kwa kuwa wengi wa walioijua waliuawa. Wajane waliobaki wakajikusanya, wakaunda ushirika unaobeba jina la Kakira, wakaanza tena. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Kambodia nayo ilipitia msiba wa namna hiyo chini ya utawala wa Khmer Rouge, kuanzia 1975 hadi 1979, na ufumaji wao wa hariri ukakaribia kutoweka. Mwaka 1996 Kikuo Morimoto, fundi wa kimono kutoka Kyoto, Japani, alianzisha huko taasisi ya nguo za asili za Kikhmer, akawatafuta bibi wazee waliokuwa bado wanakumbuka namna ya kufunga nyuzi na kuzitia rangi. Mgeni alikwenda na ufundi wake, lakini alianza kwa kuwasikiliza wazee. Kusafiri kwa namna hiyo nakuonea wivu.

Karagwe nasi tulikuwa na mafundi. Huko Bweranyange, makao ya watawala wetu, palikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, pembe ndefu kama za mifugo yenyewe. Mikono iliyoweza kazi ile haina kizazi kinachoifuata, na hilo linaniuma.

Lakini kina mama wanaosiriba sakafu Nyakatuntu bado wapo. Mchanganyiko wanaujua, mkono wanao. Wanachokosa ni ubao, mkaa na mtu wa kuwaonyesha tuta la kwanza. Nimekwisha kuwaomba wawili wa jirani, na wamekubali tuanze msimu wa kiangazi, tope linapokauka vizuri.