Kuchanganya Ndimi Frere Town Si Uvivu

Juzi nilipanda matatu ya Kisauni kutoka mjini. Kijana mmoja alimwamkia bibi aliyeketi kando yake. "Marahaba mwanangu, waya lini kwetu?" "N'takuya kesho, bibi." Kimvita hicho! Mara akamgeukia makanga: "Shika mbao, nashuka Kengeleni." Simu ilipolia, Kiingereza na Kiswahili vikabebana katika sentensi moja.

Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu kubadili msimbo Afrika, anashikilia kuwa kila msimbo huashiria haki na wajibu baina ya wazungumzaji, na kwamba msemaji huchagua kwa kupima faida. La kwanza nalikubali. La pili, jamani, lanitatiza. Mifano yake mingi ni ya Nairobi, mji wa watu waliokwenda kutafuta.

Frere Town ilianzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa: Wayao, Wamakua, Wanyasa, pamoja na Waafrika waliolelewa Nasik, India. Hao hawakupima faida yoyote. Bila Kiswahili wangeulizanaje hata majina? Kengele ya misheni ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Ukoo wa yule kijana siujui, lakini Kimvita chake kwa bibi hakikuwa mbinu ya kujipatia kitu. Kilikuwa heshima, na ni chake sawasawa na ile "mbao".

Darasani "n'takuya" ingekatwa alama. Nami nimezikata alama hizo miaka mingi.