Na Umeme Ukikatika?

Msomaji ambaye hajapata kupiga muziki mbele ya watu ataniwia radhi nikianza na maelezo kidogo. Sampula ni mashine inayonasa sauti yoyote, ya ngoma, ya filimbi, hata ya mlango unaofungwa, kisha huirudisha kila unapobonyeza. Ikizimwa husahau yote. Kwa hiyo sauti zake huwekwa pembeni, kwenye disketi, diski au kadi, na kila ikiwashwa lazima zipakiwe upya. Anayetaka kununua mashine hiyo huuliza kwanza inanasa sekunde ngapi. Nami niliuliza hivyo hivyo, na leo naamini swali hilo ni bovu.

Ya kwangu ilikuwa Akai S2000, aina iliyotoka mwaka 1995, nami niliipata mkononi mwa mtu ikiwa imekwisha tumika. Ilikuwa ya soko la Japani, yenye kutaka volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 unanunua moshi. Nikaitafutia transfoma. (Morogoro Jazz walikwenda Osaka mwaka 1970 kwenye maonyesho ya dunia, miaka thelathini baadaye Japani ilitulipa ziara hiyo ndani ya boksi.) Ilikuja na kumbukumbu ya megabaiti 2, yaani sekunde 23 hivi za sauti safi ya upande mmoja. Inakubali kuongezwa hadi 32, ambazo ni zaidi ya dakika sita. Niliongeza zote 32. Nikatamba nazo mjini.

Sauti nilizozijaza nilizichukua milimani Uluguru, juu ya Mzinga, kwa mzee mmoja mpiga ngoma niliyemwita babu. Alinipigia ngoma zake moja moja, asubuhi nzima, kwanza ndogo, mwisho ile kubwa. Nilipomaliza kukunja nyaya akaniuliza, “Mjukuu wangu, na umeme ukikatika?”

Nikamjibu, “Utarudi, babu.”

Ulikatika kwenye harusi, Mzinga, mwaka 2001, mara baada ya bibi harusi kuingia. Ukarudi baada ya dakika chache tu. Mashine ikaamka tupu. Na hapo ndipo nilipoielewa hesabu ambayo sikuifanya dukani: disketi moja ya Akai hubeba megabaiti moja na nusu na ushee, basi megabaiti 32 ni disketi ishirini, na kila disketi kwangu ilikula kama dakika moja. Ningebaki na zile megabaiti 2 za mwanzo, ningerudi jukwaani kwa disketi mbili. Nilikuwa nimelipa pesa ili kurefusha ukimya. Mshereheshaji alisimulia vichekesho hadi vikamwishia. Disketi ya saba ikagoma kusomeka. Masika ilikuwa imeipandisha kuvu. Harusi ikamalizwa na kijana wa jirani mwenye kinanda kidogo cha Casio kinachokula betri. Babu alikuwepo. Hakusema neno, alinisaidia kubeba spika.

Sisi wenye mashine za kutisha tulizoea kuvicheka vinanda hivyo. Lakini mchiriku wa Dar es Salaam umejengwa juu yake, Casio ndogo ikipitishwa kwenye vipaza sauti vya kukwaruza, na Jagwa Music walifika nao hadi kutoa albamu Ulaya, *Bongo Hotheads*, mwaka 2012. Sauti yake ni nyembamba, nakubali, na ngoma zake ni za kiwandani, haziijui Uluguru. Ila mpigaji akikibonyeza kinaitika, jana na leo. Kwa jukwaa la kwetu sifa hiyo naiweka mbele ya uzuri wa sauti, hata kama wahandisi watanizomea.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza kumbukumbu, ongeza ghala. S2000 na ndugu zake wa miaka ile zina tundu la SCSI; humo unachomeka diski, au siku hizi kifaa cha kadi, na upakiaji unakuwa mwepesi mara nyingi. Kuna pia kile kidude kinachokaa mahali pa disketi na kupokea flashi. Wengi wamekinunua wakidhani wamepata kasi. Hakina kasi; kinajifanya disketi, hivyo husoma kwa mwendo wa disketi. Kitakuokoa na kuvu na mzigo wa maboksi, lakini hakitakuokoa na mshereheshaji. Akai wenyewe walilifikia jibu mwaka 2003 walipotoa MPC1000, inayotumia kadi na kuweza kujipakia yenyewe inapowashwa. Hiyo ndiyo ninayopigia sasa. Onyesho langu zima hupanda chini ya dakika moja. Na chini ya meza naweka betri ya akiba, ya zile za kompyuta za ofisini. Bei yake ni ndogo kuliko zile megabaiti zangu, na mpaka leo sijui kwa nini sikuianza hiyo.

Disketi ya saba ndiyo iliyokuwa na ngoma kubwa. Sikuwa na nakala. Nilipanga kupanda tena milimani kiangazi, nikachelewa, babu akafariki. Ngoma yenyewe, kwa desturi ya Waluguru wanaofuata ukoo wa mama, ilikwenda kwa mpwa wake, ambaye aliiwamba ngozi mpya. Niliinasa. Ni ngoma nzuri, ina sauti ya juu kidogo, na mpwa hupiga kwa mkono mwepesi.

Kadi yangu ya sasa ni ya gigabaiti 2. Ngoma za babu zilizosalia hazifiki hata megabaiti 20. Nimezinakili mara tatu, moja nimempa mpwa.