Maneno Ambayo Shakespeare Hakuyaandika

Katika mwaka 1976 Bradley Efron na Ronald Thisted walichapisha katika jarida la Biometrika makala yenye swali la ajabu: Shakespeare alijua maneno mangapi? Si aliandika mangapi, kwani hayo yamekwisha hesabiwa. Maandishi yake yaliyosalia yana jumla ya maneno 884,647, na yakiondolewa yaliyorudiwa hubaki maneno mbalimbali 31,534. Wataalamu hao waliyachukua maandishi yote hayo kuwa ni sampuli tu, kama konzi moja ya mchele iliyotolewa guniani, wakataka kulikadiria gunia lenyewe.

Njia yao ina nasaba. R. A. Fisher alitumia hesabu ya namna hii mwaka 1943 kwa vipepeo waliokusanywa Malaya, na Good na Toulmin wakaiendeleza mwaka 1956. Siri yake ni kutazama vitu vya nadra. Maneno 14,376 yametokea mara moja tu, 4,343 mara mbili, 2,292 mara tatu. Idadi ya kwanza huwekwa, ya pili hutolewa, ya tatu huongezwa, na kuendelea vivyo hivyo. Jibu ni kwamba maandishi mengine ya kadiri ile ile, kama yangepatikana, yangeleta maneno mapya yapata 11,430. Kwa msamiati wote walitaja kima cha chini tu, yaani maneno 35,000 zaidi ya yaliyoonekana. Uangalifu huo wastahili sifa, nao husahauliwa upesi na wanukuzi.

Lakini neno ni nini? Hesabu ilifuata faharasa ya Marvin Spevack, ambamo kila umbo la herufi ni neno mbali. Umoja na wingi wa jina moja ni maneno mawili. Kwa Kiingereza, chenye viambishi vichache, dosari hiyo yavumilika. Mtu akiihamishia njia hii vivi hivi kwenye maandishi ya Shaaban Robert ataona maajabu. Alisoma, hakusoma, wangalisoma, nimsomee: kila moja litaandikwa kuwa neno jipya, na maumbo mengi ya aina hii yatatokea mara moja tu. Na kwa kuwa kadirio zima laegemea hasa idadi ya yale ya mara moja, kosa litaingia pale pale penye uzito. Kompyuta itatangaza utajiri wa msamiati, kumbe imehesabu sarufi. Wala kukata viambishi si dawa kamili. Je, somo, msomi na usomaji ni neno moja na soma, au ni maneno manne? Hukumu hiyo ni ya mwanaisimu, nayo hutangulia hesabu yoyote.

Tena maneno hayatoki kalamuni kwa bahati nasibu. Mchezo wa vita huita maneno ya vita, nayo huja kwa makundi.

Mwaka 1985 Gary Taylor alitangaza shairi la maneno 429 kuwa la Shakespeare. Hesabu ilibashiri maneno mapya 7 hivi, yakaonekana 9. Mwaka 1987 Thisted na Efron waliona kwamba shairi laafikiana vya kutosha na desturi ya mshairi huyo, ingawa wasomi wengi wamelikataa. Maneno 429 mbele ya 884,647 ni hatua fupi mno, isiyothibitisha lolote juu ya gunia zima. Na shairi ambalo mtungaji wake anabishaniwa haliwezi kuwa shahidi wa hesabu ile ile inayoitwa kulishuhudia.