Utamaduni wa Walega na Vitabu vya Wataalamu

Siku hizi neno «utamaduni» limejaa midomoni mwa watu. Vijana wakicheza ngoma mbele ya wageni, husemwa: huo ndio utamaduni. Bibi arusi akivaa kitenge, ni utamaduni. Kijana akimpita mzee bila kumwamkia, husemwa amepoteza utamaduni. Neno moja limebebeshwa mizigo mingi, na mwenye kubeba mizigo mingi huangusha mmoja njiani asijue. Kwa hiyo tumependa kutazama pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, jinsi wataalamu wa elimu ya jamii wanavyolieleza neno hilo. Kisha tutayapima maelezo yao kwa kitabu kimoja kinachohusu watu wa kwetu, yaani Walega wa Shabunda, Mwenga na Pangi.

Wa kwanza kutajwa ni Mwingereza Edward Tylor. Mwaka 1871 alitoa kitabu chake kiitwacho Primitive Culture, na humo alikusanya chini ya neno moja maarifa, imani, ufundi, tabia, sheria, desturi na mambo yote ambayo mtu hujifunza kwa kuwa anaishi pamoja na wenzake. Tunamsifu kwa jambo moja kubwa. Alisema kwamba utamaduni ni kitu cha kujifunza. Mtoto hazaliwi nao kama anavyozaliwa na rangi ya ngozi yake. Mtoto wa Mlega akilelewa tangu uchanga mjini Bruxelles atakuwa na tabia za watu wa Bruxelles, na mtoto wa Bruxelles akilelewa Shabunda atakula mihogo na kuota ndoto kwa Kilega. Lakini Tylor huyo huyo aliwapanga watu wote juu ya ngazi moja, washenzi chini, watu wa nchi yake juu. Ngazi hiyo ilitusumbua kwa muda mrefu, nasi tutairudia.

Baada yake walikuja wengine wengi, hata mwaka 1952 Wamarekani wawili, Kroeber na Kluckhohn, wakahesabu maelezo 164 ya neno hilo moja. Vitabu vya shule havikuweza kubeba maelezo 164. Vikafanya kama mama anayepanga vyombo vyake: vikaweka mafungu. Fungu la kwanza ni vitu vinavyoonekana, kama nyumba, nguo, jembe, sanamu. La pili ni lugha na alama nyingine. La tatu ni yale ambayo watu wanayathamini. La nne ni kanuni, yaani lipi lifanywe na lipi lisifanywe, tokea namna ya kushika kijiko hata sheria za ndoa. La tano ni imani. Vitabu vingine huongeza fungu, vingine hupunguza. Mwanafunzi huyakariri, huyaandika siku ya mtihani, basi.

Hatusemi mafungu hayo ni ya uongo. Yanamsaidia anayeanza. Lakini anayejua hesabu ya mafungu hudhani kwamba anajua utamaduni wenyewe. Akiona vitu, atafikiri ameona watu.

Jambo hilo limekwisha kutokea katika nchi yetu. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji iliweka cheti cha sifa njema ya raia kwa Wakongo walioitwa wastaarabu, na mwaka 1952 ikaweka daraja la juu zaidi, la kuandikishwa katika kitabu cha wenye haki karibu sawa na za Wazungu. Mtu aliyeomba alichunguzwa hata ndani ya nyumba yake. Walitazama jinsi anavyokaa na mkewe, jinsi anavyokula mezani, kama ana vyombo na vitanda. Je, hii si ngazi ya Tylor iliyosimamishwa sebuleni mwa mtu? Uma na kisu vilihesabiwa. Aliyemtunza mama yake mgonjwa miaka kumi hakuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Mwaka huo huo wa 1948 serikali ilipiga marufuku chama cha bwami cha Walega. Ilidhaniwa ni chama cha siri chenye kupinga utawala. Hapo ndipo tunafika kwenye kitabu chetu.

Mwandishi wake ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo katika chuo cha utafiti kilichoitwa IRSAC. Miaka ya 1950, marufuku ikiwa bado ipo, alikaa vijijini mwa Walega, na wazee wakamruhusu kuona sherehe za bwami hata za daraja za juu. Kitabu, Lega Culture, kilitoka Marekani mwaka 1973. Ni kinene, kina picha nyingi, na si chepesi kusoma. Hata hivyo hatujui kitabu kingine kinachoonyesha vizuri kama hiki kwamba mafungu ya vitabu vya shule hayasimami peke yake.

Kwanza, bwami ni nini? Ni chama chenye daraja za kupanda. Kwa wanaume ni kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Wanawake nao wana daraja zao, bombwa, bulonda na bunyamwa, na mwanaume hawezi kufika kileleni bila mkewe kupanda pamoja naye. Walega hawakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Aliyeheshimiwa ni yule aliyepanda, na kupanda kulitaka mali, msaada wa jamaa, na zaidi ya yote mwenendo mwema. Mgomvi, mchoyo na mzinzi walikuwa na kazi ngumu ya kupita.

Mafundisho ya bwami hutolewa kwa methali zinazoimbwa na kuchezwa, mamia kwa mamia, na karibu kila methali ina kitu chake. Hapo ndipo utamu wa kitabu ulipo. Vitu hivyo si sanamu za pembe za ndovu tu, ambazo Wazungu wanazipenda. Ni mdomo wa ndege, kucha za mnyama, konokono mtupu, jani, kijiti. Mwalimu hukitoa kitu kikapuni, huimba, hucheza nacho, na maana hutokea hapo hapo kati ya wimbo, mwendo na kitu. Kesho kitu kile kile kitatolewa kwa wimbo mwingine na kitakuwa na maana nyingine. Kinyago kidogo cha mti kiitwacho lukwakongo huvaliwa usoni, au hushikwa mkononi, au hutundikwa uani, au huburutwa chini kwa ndevu zake. Ukiuliza «kinyago hiki maana yake nini?», umeuliza vibaya. Afadhali uulize: kinafanywa nini leo, na kwa maneno gani?

Tazama mfano wa Wayinda. Ni sanamu ya mwanamke mwenye tumbo kubwa. Mgeni akiiona atasema kwamba ni sanamu ya uzazi, Waafrika wanapenda watoto. Kumbe! Wayinda ni mwanamke aliyezini akiwa na mimba, na sanamu yake hutolewa ili kuwaonya watu. Yule mgeni ameona mbao, ameona tumbo, amekosa fundisho zima.

Au mtazame kakakuona. Walega wanasema yeye ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba. Ni kweli, magamba yake yamepangwa moja juu ya jingine kama majani juu ya paa. Haruhusiwi kuwindwa. Akipatikana amekufa, nyama yake lazima igawanywe kwa sherehe, na katika ugawaji huo kila ukoo huonekana mahali pake. Basi, tumwulize mwenye mafungu matano: kakakuona utamweka wapi? Kwenye vitu? Kwenye imani? Kwenye kanuni? Paa la nyumba, heshima ya wazee na undugu wa ukoo vyote vimeshikana katika mnyama mmoja.

Kuna mtaalamu mwingine, Mmarekani William Ogburn, ambaye mwaka 1922 alifundisha kwamba vitu hutangulia na mawazo hufuata nyuma, kama gari inayokimbia na sheria za barabara zinazochelewa. Kwa mambo ya viwanda yumkini ana haki. Kwa Walega mambo yalikwenda njia nyingine kabisa. Vitu vilichukuliwa. Vingine vilichomwa na watu waliodhani kwamba vyote ni uchawi. Vingine vilinunuliwa vikapelekwa Ulaya na Marekani, na leo viko katika makumbusho, hata Tervuren karibu na Bruxelles. Maneno yalibaki nyuma, vichwani mwa wazee, na wazee wakafa nayo. Aliyechoma na aliyenunua wanaonekana kama maadui, lakini kwa maoni yetu walifikiri sawasawa: wote wawili waliamini kwamba bwami imo ndani ya sanamu. Wanunuzi walichagua pembe za ndovu zinazong'aa. Nani alinunua jani? Nani alilipia mdomo wa ndege?

Hapa tunakumbuka kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et spes ya mwaka 1965, ulilitaja neno utamaduni hata kwa maana yake ya kijamii, ukakubali kwamba kuna tamaduni nyingi, si moja tu ya kupimia nyingine zote. Ngazi ya Tylor haimo.

Sasa tuseme yasiyotupendeza. Jina la kitabu ni kubwa kuliko kitabu chenyewe. Kinaitwa utamaduni wa Walega, lakini hasa ni utamaduni wa wakubwa wa bwami. Mwanamke anayerudi shambani na kikapu cha ndizi, kijana aliyekwenda kuchimba dhahabu Kamituga, mtu aliyeshindwa kupanda hata daraja la kwanza, hao tunawasikia kidogo sana. Nao ni Walega. Ukiwauliza wazee wa kindi mema ni nini, watakueleza vizuri mno. Lakini watu wengine waliishije na mema hayo, waliyacheka, waliyaogopa? Anayetafuta jibu atalitafuta mahali pengine.

Tena, katika kitabu cha hadithi ya Mwindo ya Wanyanga, kilichotoka mwaka 1969, jina la Mkongo Kahombo Mateene liko pamoja na la Biebuyck. Katika kitabu cha Walega liko jina moja tu. Wazee walifikiri, waliimba, walieleza. Tungefurahi kuwaona zaidi kama walimu kuliko kama mashahidi.

Na mwisho ni lugha. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, kikachapwa ng'ambo. Mwalimu wa shule ya Shabunda hawezi kukisoma hata akikipata. Sehemu za methali na maelezo ya vitu vyake zingeweza kutolewa peke yake katika kijitabu cha Kilega na Kiswahili, bila kungoja kitabu chote kifasiriwe. Wako bado watu wanaosema Kilega cha zamani na wanaoweza kusahihisha tafsiri. Wangeanza na kakakuona, maana watoto wengi hawajamwona tena msituni.