Onyo la Wahenga: Kuitazama Get Out kwa Jicho la Durban

Filamu za kutisha zina kanuni zilizozoeleka: hatari hukaa gizani, mhusika mweusi hufa mapema, na rafiki mcheshi huwapo ili atupumzishe. Get Out (2017) ya Jordan Peele inazipindua zote tatu. Jinamizi lake linaishi mchana kweupe, katika nyumba ya wastaarabu ambamo baba mwenye nyumba hujigamba kwamba angempigia Obama kura mara ya tatu. Chris, anayeigizwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza wa wazazi Waganda, anatoka hai. Na Rod, rafiki yake mropokaji, mkaguzi wa usalama uwanja wa ndege, ndiye anayeunusa ukweli. Anapoupeleka polisi, anachekwa.

Tuzo za Golden Globe ziliipanga filamu hii miongoni mwa vichekesho, uamuzi uliozua ubishi. Hata hivyo, kicheko ndicho kinachotufikisha kwenye hofu. Tunamcheka Rod, kisha tunatambua kwamba tulikuwa tumeketi upande wa polisi. Taa za gari zinapomulika mwishoni, tunadhani Chris anakuja kukamatwa. Anayeshuka ni Rod.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili kuna tabaka jingine. Wimbo wa ufunguzi, "Sikiliza Kwa Wahenga" wa Michael Abels, umetungwa kwa lugha yetu, nao ni onyo kwa Chris. Sisi tunaonywa kabla hajafunga safari; yeye hana habari. Kejeli hiyo ni nzuri, ila ina ufa. Mababu wengi wa Wamarekani Weusi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati. Kiswahili kimeingizwa kama nembo ya Afrika nzima, kama kilivyoingizwa katika sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Kwa watazamaji wengi ni mnong'ono wa kusisimua mwili, usiodai kueleweka.

Onyo lile lina wenyewe kwingine. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walipeleka Durban watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, kwa njia ya Zanzibar. Mkombozi yule yule aliwafunga kwa mikataba ya kazi kwa walowezi wa Natal. Wakaitwa Wazanzibari, wakajenga maisha yao Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowaandika katika kundi la Waasia na kuwahamishia Chatsworth.

Ukiwa na historia hiyo, tazama tena mnada wa kimya ambamo wageni huinua kadi za bingo kando ya picha ya Chris. Tabasamu lililompokea Chris linafanana na ukarimu uliompokea aliyeshushwa bandarini Durban: karibu, uko huru, na huyu ndiye bwana wako. Peele hakuielekea Durban. Aliichukua lugha na kuwaacha watu wake, na hilo ni pungufu la kazi yake. Lakini maneno ya onyo hayakupoteza maana kwa kuazimwa. Yanamwambia anayeyaelewa jambo ambalo walioshushwa Natal walilijua: anayekufungulia pingu huenda tayari ameshika mkataba wako mkononi.